Nilivyoozesha Shada la Bibi Harusi

Harufu ndiyo iliyoniambia kabla macho hayajaona. Nilivuta mlango wa oshiire, lile kabati la ukutani ambamo Wajapani huweka magodoro yao mchana, nikapokewa na harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndooni. Chini ya kamusi mbili na mfuko wa mchele wa kilo 10 kulikuwa na shada la harusi la rafiki yangu. Nilipoinua gazeti la juu likanata. Mawaridi meupe yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yamegandamana na habari za michezo, na katikati ya kila moja, pale petali zinapobanana, palikuwa pameota ukungu wa kijivu kama manyoya ya kifaranga.

Ilikuwa mwanzoni mwa Julai, Nagoya. Shada lile lilikuwa limekaa humo siku 16. Na mimi ndiye niliyejitolea kulihifadhi, kwa mdomo wangu, mbele ya mume wake.

Nasimulia haya kwa sababu naona siku hizi wenzetu wengi wanajaribu oshibana, ile sanaa ya Kijapani ya kubana na kukausha maua, baada ya kuona picha nzuri, na picha nzuri hazionyeshi kabati langu.

Kwanza nieleze nilifikaje huko. Mume wangu alipata nafasi ya kusoma Nagoya, nikaacha kazi ya ualimu Tanga nikamfuata na mtoto mmoja mgongoni. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa kukaa ndani. Kijapani changu kilikuwa cha salamu na supamaketi. Jirani mmoja mtu mzima, aliyekuwa akinionea huruma kwenye lifti, ndiye aliyenishika mkono siku moja akanipeleka kwenye kominkan, ukumbi wa mtaa ambako watu hukutana kujifunza hiki na kile. Chumba cha kwanza walikuwa wanaandika kwa brashi. Cha pili walikuwa wanawake wanane, wote wenye mvi, wameinamia meza kila mmoja na kibano mkononi, kimya kama wanatoa miba. Wanapanga maua makavu juu ya karatasi.

Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu ua ni la kunusa. Asumini huchumwa jioni, hutungwa, hufungwa kikuba pamoja na rehani na mkadi, huvaliwa usiku huo, na asubuhi likishanyauka hutupwa bila mtu kulililia. Kesho kuna jingine. Sasa hapa nakuta watu wazima wanahangaika kulizuia ua lisife, tena ua lisilo na harufu hata kidogo. Nilicheka moyoni. Lakini chumba kilikuwa na joto, mtoto alipewa biskuti, nikakaa.

Neno lenyewe ndilo lililonipoteza. Oshi linatokana na kitenzi cha kusukuma au kubonyeza, na bana ni hana, yaani ua, lililobadilika sauti baada ya kuunganishwa. Ua lililobonyezwa. Basi nikajua nimeelewa: unachukua ua, unaweka uzito, unasubiri. Hata watoto wa shule hufanya hivyo kwenye madaftari.

Somo la kwanza lilikuwa la ua ambalo sensei, yaani mwalimu wetu, alilitaja "panji", nami nikasikia panzi. Nikawa natafuta mdudu mezani. Ni pansy, ua dogo lenye uso kama wa paka, linalopandwa kila kibaraza cha Nagoya kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua. Sensei alilikata kikonyo karibu kabisa na ua ili lilale bapa, akalilaza kifudifudi, akalifunika. Nilimwona akipanga matabaka: karatasi nene ya kukaushia, juu yake tishu, maua, tishu tena, kipande chembamba cha sponji, kisha karatasi nyingine ya kukaushia. Mzigo wote akautia kwenye mfuko wa zipu, akatoa hewa, ndipo akaweka uzito juu. Mimi nikaona kitu kimoja tu, uzito.

Ada ilikuwa yeni 1,500 kwa kipindi, mara mbili kwa mwezi, na vifaa kama yeni 1,000 kila mara. Zile karatasi za kukaushia, seti yake nzima na mbao na sponji, ziliuzwa yeni 6,800. Kwa familia inayokula posho ya mwanafunzi hiyo ni hela ya mboga wiki nzima na zaidi. Nikasema siibiwi. Nyumbani nina magazeti ya bure na kamusi.

Na ikakubali! Hapo ndipo penye kasoro. Januari na Februari nilibana panzi wangu kwenye magazeti, yakatoka safi, zambarau imekolea, njano inang'aa. Nikatengeneza vialamisho vya kitabu, nikavitia nailoni, nikawatumia wifi zangu. Sikujua kwamba baridi ya Nagoya ni kavu kupita kiasi, ngozi inapasuka, midomo inachanika, na gazeti lolote utakaloweka mahali linakuwa kavu kama papa wa chumvi. Kilichofanya kazi ilikuwa hewa. Sifa nikajipa mimi.

Juni ikaja na harusi. Wajapani wengine hupenda kuoa mwezi wa sita kwa kuiga imani ya Ulaya kwamba huleta baraka, ingawa kwao ndio mwezi wa tsuyu, mvua zinazoanza mapema Juni na kuendelea hadi katikati ya Julai au zaidi. Si mvua za kishindo kama masika yetu. Ni unyevu unaoingia kila mahali: taulo halikauki, chumvi inaganda kwenye kopo, viatu vya ngozi vinaota ukungu. Rafiki yangu, mtoto wa Mombasa, aliolewa na kijana wa Kijapani. Shada lake lilikuwa na mawaridi meupe, delfinia za buluu hafifu, na vile vijiua vidogo vyeupe vinavyojazia shada. Wakati wa kuagana akalitazama akasema, "Dada, kesho kutwa litakuwa takataka hili." Nikajibu haraka kuliko akili: "Nipe mimi. Nitakufanyia fremu."

Akanikumbatia. Mume wake akainama kunishukuru mara tatu.

Makosa niliyoyafanya baada ya hapo nayajua kwa mpangilio, maana nimeyarudia kichwani usiku mwingi. Nililiweka shada kwenye chombo cha maji siku tatu nzima kwa sababu lilikuwa zuri sebuleni. Ua la kukaushwa linatakiwa likaushwe lingali bichi, siku hiyohiyo au inayofuata, kwa sababu petali zikishaanza kuchoka rangi yake imeshaanza kuharibika na huioni mpaka likauke. Kisha nikayabana mawaridi mazima, yenye petali zake zote, kama mtu anayetaka kubapaza embe. Magazeti sikuyabadilisha hata siku moja, nikiamini kufunuafunua ni kukosa subira. Na mahali nilipochagua, oshiire, ndipo mahali penye unyevu kuliko pote katika nyumba ya Kijapani wakati wa tsuyu. Hata wenyewe huweka humo vikopo vya kunyonya maji. Mimi nikaweka mawaridi.

Nilikaa na siri hiyo wiki tatu. Rafiki yangu alikuwa akiniandikia, "Dada, maua yangu vipi?" nami najibu, "Bado yanakauka." Niliulizia kama kuna fundi wa kuokoa, nikafahamishwa kwamba mafundi wa kuhifadhi mashada ya harusi wapo, bei niliyotajiwa ikiwa yeni 45,000, lakini wanataka ua bichi. Kilichooza hakina fundi.

Mwishowe nikaenda kwake na kiboksi. Alikifungua, akatazama muda mrefu. Sikuwa nimejiandaa kwa swali aliloniuliza.

"Ulijua tangu lini?"

Hatukuzungumza mpaka Septemba. Anayechukua kitu cha mtu kukihifadhi akakiharibu, amwambie siku hiyohiyo. Maua angenisamehe palepale. Zile "bado yanakauka" ndizo zilizomuuma.

Kwa sensei nako nilichelewa kwenda. Nilipokwenda hakunikemea. Alitoka nje akarudi na waridi moja kutoka kwenye chungu chake na mzani wa jikoni. Akaniambia nilipime. Gramu 12. Akaniambia nilifungue. Nikachambua petali moja moja kuanzia nje, nikizilaza kwenye tishu zisigusane, mpaka nikafika kwenye kile kifundo cha ndani kilichojikunja kama jani la kabichi changa. Petali 31. Kikonyo na sepali, vile vijani vya kijani vinavyoshika ua kwa chini, akazipasua katikati kwa wembe. Tukaziweka zote kati ya zile karatasi nilizokataa kuzinunua.

Baada ya siku nne nikarudi. Akaweka vipande vyote mzanini, havikufika gramu 2 na nusu. Akanionyesha ile namba, akaniuliza polepole ili nielewe: "Gramu kumi zimekwenda wapi?"

Maji.

"Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Uzito ni wa kulizuia ua lisijikunje wakati maji yanatoka. Uzito hautoi maji."

Mwaka mzima nilikuwa nimekaa darasani kwake na hilo sikuwa nimelijua. Ukilibana ua bila kulinyang'anya maji, unachofanya ni kulikamua litoe majimaji yake na kulifungia humo. Seli zimepasuka, maji yapo, giza lipo, joto lipo. Ukungu hauombi zaidi ya hapo. Ndiyo maana karatasi zile zina dawa ya kunyonya unyevu ndani yake, inayofanya kazi kama zile punje zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya boksi la viatu. Zinavuta maji haraka, na haraka ndiyo inayookoa rangi. Zikishiba hukaushwa upya kwa joto na kuachwa zipoe ndani ya mfuko uliofungwa, la sivyo zitashiba tena kwa hewa ya chumbani kabla hujazitumia.

Kisha akanifundisha kulirudisha waridi. Petali kubwa za nje kwanza, zikipishana kidogo kama vigae, halafu za kati, halafu zile ndogo zilizopinda, kila moja ikishikwa na tone la gundi lisilozidi kichwa cha sindano, linalowekwa kwa kijiti cha meno. Gundi ikizidi hupenya na kuacha doa. Mikono ilinitetemeka. Pumzi tu ikipita, petali inaruka. Kazi ya waridi moja ilinichukua saa mbili, na nilipomaliza lilikuwa bapa, limelala kwenye karatasi, lakini ukilitazama kwa mbali unaapa lina kina.

Tangu hapo nimeharibu maua mengi, ila ya kwangu mwenyewe, na kila moja limenipa adabu yake. Njano ni rangi ya kuaminika, hukaa. Buluu ya delfinia nayo ni sugu, haitoki upesi. Nyekundu hudanganya: waridi jekundu likikauka hugeuka kama damu ya mzee, karibu na kahawia, na wanaojua hulipitisha kwanza kwenye dawa yenye asidi kama ya limau ili wekundu ubaki. Nyeupe ni shida kuliko zote kwa sababu petali ikikauka hupenyeza mwanga, unaona karatasi ya nyuma. Fundi huweka petali mbili au tatu juu ya nyingine. Sakura, ua la mcheri ambalo kila mgeni hulikimbilia, ni nyembamba na hufifia upesi. Kama unaanza, anza na panzi wangu, au na ajisai, ambalo Waingereza huliita hydrangea. Hilo ni ua la tsuyu, buluu kwenye udongo wenye asidi na rangi ya waridi kwenye udongo usio nayo, na vile unavyodhani ni petali ni sepali, vyembamba tayari, havina maji mengi. Lichambue vijiua kimoja kimoja. Usiligandamize zima, nakuomba.

Kujua kama ua limekauka, linyanyue kwa kibano upande mmoja tu. Likisimama wima kama kadi, tayari. Likilegea hata kidogo, lirudishe. Usijipe moyo. Na likishakuwa tayari usiliache mezani hata kwa chakula cha mchana, kwa sababu ua kavu linanywa hewa kuliko nguo. Mimi naweka yangu kwenye makopo ya biskuti yenye vipakiti vya kunyonya unyevu, gizani.

Jambo jingine linalowaponza wageni ni kuchuma. Nilichuma ajisai kwenye bustani ya umma asubuhi moja, matawi mawili tu, mzee mmoja akanifuata na baiskeli yake mpaka kwenye taa za barabarani kunieleza kwamba maua yale ni ya watu wote, ndiyo maana si yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Bustani, mahekalu, kando ya mito iliyotunzwa: usiguse. Omba majirani, wanafurahi kuombwa. Au nunua mwisho wa siku, muuza maua hupunguza bei.

Fremu nayo ilikula hela. Darasani tunapanga maua juu ya washi, karatasi ya Kijapani yenye nyuzinyuzi, tunaweka kioo juu, na nyuma tunaweka kipakiti cha kunyonya unyevu na kingine cha kunyonya oksijeni, tunafunga kwa foili ya alumini na utepe wenye gundi nzito pembe zote, kisha hewa inavutwa. Ua linabaki limekabwa kati ya kioo na karatasi, halina maji, halina hewa. Fremu moja ya ukubwa wa daftari kwa vifaa hivyo ilinigharimu kama yeni 5,000. Nilipojumlisha mwaka wangu mzima, ada, karatasi nilizozikataa nikaja kuzinunua baadaye, vioo nilivyovunja, ilipita yeni 70,000. Mume wangu aliiona hiyo hesabu akanyamaza, na kunyamaza kwake nakujua.

Na bado mwanga haujashindwa. Unaweza kufunga fremu kitaalamu namna gani, jua likiipiga kila siku rangi zitaondoka tu.

Rafiki yangu alipata fremu yake Oktoba. Kumbe kabla sijalibana shada lile kulikuwa na matawi yake mawili ya delfinia niliyoyapeleka darasani kumwonyesha sensei, naye akayakausha bila kuniambia. Vijiua 11 vya buluu, na vile vidogo vyeupe. Havikutosha hata kujaza kiganja. Nilivipanga kwenye fremu ya ukubwa wa kadi ya posta, nafasi kubwa ya washi ikabaki tupu, sikuijaza kwa maua ya kununua ingawa nilishawishika. Alipoiona akahesabu vijiua kwa kidole. Kisha akaenda kutia maji ya chai.

Mwaka uliofuata nilirudi Tanga kwa likizo. Maua mabichi usiyabebe kuingia nayo Japani. Uwanja wa ndege kuna ukaguzi wa mimea na wanataka hati ya afya ya mimea kutoka ulikotoka. Kwa hiyo nilikausha hukohuko, kwa ajili ya mama. Nilidhani asumini lingekubali. Lilitoka kahawia, limekunjamana kama kipande cha karatasi ya sigara, na harufu imekwenda na maji. Kilichonifurahisha ni bogenvilia la uani kwetu, ambalo hakuna aliyewahi kuliona kama ua la maana. Ni jembamba, kama karatasi tangu lingali mtini, likakauka kwa siku mbili bila kupoteza urujuani wake. Hizo karatasi za Kijapani sikuwa nazo. Nilikusanya vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu kutoka kwa ndugu na wauza viatu sokoni, nikavipasha joto kwenye kikaango kikuukuu kisichopikiwa tena, nikavipanga ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, juu na chini ya karatasi za tishu. Majani membamba ya jimbi niliyapiga pasi kati ya karatasi mbili, pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke. Masika nisingethubutu. Ilikuwa Agosti.

Nikachanganya bogenvilia la uani na ajisai niliyotoka nayo Nagoya ikiwa imekauka tayari, nikavitia nyuma ya kioo, kazi ikaisha. Nikampa mama.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaisogeza puani.

"Mbona hayanuki?"

"Yamekauka, mama."

"Basi maua gani haya." Lakini alikuwa ameshanyanyuka kutafuta msumari, na akaitundika sebuleni ukutani, palepale jua la saa kumi linapoingia dirishani. Niliihamishia ukumbini. Kesho yake nikaikuta imerudi. Nikaihamisha tena, ikarudi tena, wala hatukulizungumza. Sasa kila nikimpigia simu ya video naiona nyuma ya bega lake, bogenvilia lingali limesimama, na buluu ya ajisai inaelekea rangi ya majivu.